Kufuli la Kuuzia Wageni

Fikiri, msomaji, juu ya fundi wa makufuli aliye hodari katika kazi yake. Watu wa kijiji chake huwatengenezea makufuli yenye ufunguo mgumu kuigwa. Wageni wanaotoka mbali kuja kununua huwauzia kufuli lenye umbo lile lile, rangi ile ile na uzito ule ule, ila meno yake ya ndani ni machache, na fundi mwenyewe akitaka aweza kulifungua kwa muda wa kuvuta pumzi. Mgeni hulipa, hushukuru, huenda zake, hufunga ghala lake na kulala usingizi. Je, fundi huyu amemdhulumu mgeni?

Kabla hujajibu kwa haraka kwamba amemdhulumu, msikilize naye akijitetea. "Kijiji chetu kina maadui," asema. "Wezi waliotuvamia mwaka jana walitoka huko huko kwa wageni. Nikiwauzia kufuli nisiloweza kulifungua, nitajuaje wameficha nini ghalani?" Maneno haya si ya mpumbavu wala si ya mtu mbaya. Ni maneno ya mlinzi. Na katika miaka mingi ya karne ya ishirini serikali zenye nguvu duniani zilisema maneno kama hayo hasa, si juu ya makufuli ya chuma, bali juu ya makufuli ya maneno.

Kufuli la maneno huitwa usimbaji. Kusimba ujumbe ni kuugeuza kwa kanuni fulani ili asiyekuwa na ufunguo asiweze kuuelewa. Watoto wa shule hulifanya jambo hili kwa mchezo: kila herufi hubadilishwa kwa ile inayoifuata, na neno "maji" likawa "nbkj". Kufuli la namna hiyo hufunguliwa na mwanafunzi yeyote mwenye subira. Makufuli ya kompyuta hutumia kanuni ngumu zaidi, na ufunguo wake ni nambari ndefu ambayo urefu wake hupimwa kwa biti. Shika jambo moja tu la hesabu hapa, maana ndilo shina la mambo yote yatakayofuata: kila biti moja ikiongezwa, idadi ya funguo zinazowezekana huzidishwa mara mbili. Ufunguo wa biti 40 ni mmoja kati ya funguo 1,099,511,627,776. Idadi hiyo yaonekana kubwa, lakini kompyuta haichoki, na mwezi wa Januari 1997 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Ian Goldberg, alitumia kompyuta zipatazo 250 akaupata ufunguo wa namna hiyo kwa saa 3 na nusu. Ufunguo wa biti 128 ni mmoja kati ya idadi yenye tarakimu 39. Kompyuta zote za dunia zikikusanywa zijaribu funguo hizo moja moja, jua litazimika kabla hazijamaliza.

Wewe nawe umo katika habari hii, hata kama hujapata kulifikiri neno lenyewe. Tangu Machi 2007, ilipoanzishwa M-Pesa, fedha za Wakenya zimekuwa zikisafiri hewani. Mama auzaye maembe katika soko la Machakos hupokea malipo kwa simu, na kati ya fedha zake na mwizi hakuna ukuta wala askari. Kuna usimbaji, na nambari ya siri aliyoihifadhi kichwani mwake.

Sasa tuulize, serikali ziliingiaje katika biashara ya makufuli haya? Jibu moja liko karibu nasi kuliko watu wengi wanavyojua. Mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajapani walipoishambulia Colombo, meli za vita za Waingereza zilihamia Kilindini, Mombasa. Pamoja nazo walikuja mabingwa wa kufumbua maandishi ya siri, nao wakapewa jengo la shule ya Allidina Visram, lililo kando ya bahari. Katika vyumba ambamo watoto walikuwa wakifundishwa hesabu, watu wazima waliketi usiku na mchana wakizipokea ishara za redio za Wajapani na kuzifumbua, na mwaka huo huo walifaulu kuupenya msimbo uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Adui aliamini kwamba kufuli lake lilikuwa zima. Meli zake zikajulikana zilipo na ziendako.

Aliyepata kusoma barua ya adui yake kwa namna hiyo hasahau utamu wake. Vita vilipokwisha, serikali zilizoshinda zilikuwa zimejifunza kwamba kufuli bovu mikononi mwa mwingine ni hazina. Marekani ikaiweka mitambo ya usimbaji katika orodha moja na mizinga na ndege za vita, na mtu hakuruhusiwa kuiuza nje bila leseni. Leseni zilitolewa na Wizara ya Mambo ya Nje, lakini shauri lililosikilizwa sana lilikuwa la shirika liitwalo NSA, yaani Shirika la Usalama wa Taifa, ambalo kazi yake kuu ni kusikiliza mawasiliano ya mataifa mengine. Kwa maneno mengine, aliyeulizwa kufuli la mgeni liwe imara kiasi gani ndiye yule yule aliyeajiriwa kulifungua.

Lakini tusichanganye mambo, kwa kuwa katika habari hii mna matendo mawili yasiyo sawa. La kwanza ni kukataa kuuza. Mchongaji wa Wamunyu humchongea mtalii twiga na humchongea jirani yake kinu, wala hakuna anayelalamika, kwa kuwa kila mmoja akiona alichokinunua. Hata akikataa kumwuzia mtu kinu, mtu huyo ajua amekosa kinu, naye atakitafuta kwingine. Tendo la pili ni kuuza kinu chenye ufa uliofichwa kwa rangi.

Tendo hili la pili lilitendwa kwa muda mrefu sana. Palikuwa na kampuni nchini Uswisi iliyoitwa Crypto AG, iliyoanzishwa na fundi wa Kiswidi, Boris Hagelin. Iliuza mashine za kusimba kwa serikali zaidi ya 120. Wanunuzi waliipenda kwa sababu Uswisi si nchi ya vita wala ya kambi yoyote. Wasilolijua ni kwamba mwaka 1970 kampuni hiyo ilinunuliwa kwa siri na mashirika mawili ya ujasusi, CIA la Marekani na BND la Ujerumani Magharibi, na kwamba nyingi ya mashine zake zilitengenezwa kwa namna ambayo wenye kampuni waliweza kuyasoma yaliyosimbwa. Siri hii ilifichuliwa kwa ukamilifu mwezi wa Februari 2020. Katika orodha ya wanunuzi iliyochapishwa na gazeti la Washington Post mlikuwamo nchi nyingi za Afrika, na jirani yetu Tanzania ni mojawapo.

Tafakari jambo hili, msomaji. Nchi iliyopata uhuru wake mwaka 1961, yenye mahitaji mengi na fedha chache, yatoa fedha hizo ili balozi wake aliye ng'ambo aweze kusema na serikali yake faraghani. Na kati ya wale waliokuwa tayari kuyasikiliza mazungumzo hayo alikuwamo aliyeiuza mashine. Mimi naliita jambo hilo wizi, na sioni neno jingine. Ajuaye kwamba amenyimwa kufuli atachunga maneno yake, lakini aliyeuziwa kufuli la uongo husema yote. Uongo ule haukumnyima ulinzi tu, bali ulimwondolea hadhari aliyokuwa nayo.

Kati ya kukataa waziwazi na kudanganya kwa siri kuna tendo la tatu, na hapo ndipo akili yapaswa kufanya kazi kweli. Katika miaka ya 1990 intaneti ilipoanza kuenea, makampuni ya Marekani yalitaka kuuza programu zao kote duniani. Sheria ikawaambia kwamba ndani ya Marekani wauze kufuli la biti 128, na nje wauze la biti 40. Hii haikuwa siri, kwani sheria iliandikwa na mwenye kutaka aliweza kuisoma. Lakini niambie, ni nani aliyeketi mbele ya kompyuta mjini Nairobi au Kampala mwaka 1997 aliyejua kwamba programu yake ilikuwa ya wageni? Kwenye kioo picha ya kufuli ilikuwa ile ile. Mwenye kampuni alijua, mwenye sheria alijua, na asiyejua alikuwa yule tu aliyeikabidhi siri yake. Nafikiri sheria iliyo wazi kwa mawakili na iliyofichika kwa anayeumizwa nayo haiwezi kujisifu kwamba ni wazi.

Sheria hiyo ilizaa mambo ya kuchekesha pia. Mwaka 1994 mhandisi mmoja, Philip Karn, aliomba ruhusa ya kupeleka nje kitabu cha Bruce Schneier kihusucho usimbaji, ambacho ndani yake kanuni zenyewe zilichapishwa neno kwa neno. Akaambiwa kitabu hakihitaji leseni. Akaomba tena ruhusa ya kupeleka kisahani cha kompyuta chenye kanuni zile zile. Akakataliwa, kwa kuwa kisahani kilihesabiwa kuwa silaha. Naye Philip Zimmermann, aliyetunga programu iitwayo PGP mwaka 1991 ili watu wa kawaida waweze kusimba barua zao, alichunguzwa na serikali kwa muda wa miaka mitatu kwa sababu programu hiyo ilivuka mipaka kwa njia ya intaneti. Uchunguzi uliachwa mwezi wa Januari 1996 bila mashtaka. Wakati huo programu ilikuwa imekwisha kuchapishwa kama kitabu, kurasa kwa kurasa, na karatasi hazikuzuiliwa na mtu.

Sasa nirudi kwa mlinzi na utetezi wake, kwa maana sikumwita aseme ili nimpuuze. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, na jingine Dar es Salaam. Waliokufa walizidi 200, na wengi mno walikuwa Wakenya waliokuwa kazini au njiani, watu wasio na ugomvi na yeyote. Jamaa wa marehemu akiniuliza, "Kama kusikiliza simu moja kungaliweza kuokoa maisha hayo, wewe ungalikataza?" nisingemjibu kwa maneno mepesi. Serikali isiyojali kujua anayepanga kuua raia wake haifai kuitwa serikali.

Hata hivyo habari ya Nairobi, ukiichungua, haisemi kile ambacho wengi hudhani yasema. Katika kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001 ilidhihirika kwamba simu za mmoja wa washtakiwa, aliyekuwa akiishi Nairobi, zilikuwa zimesikilizwa na Wamarekani tangu mwaka 1996, na nyumba yake ilipekuliwa Agosti 1997, mwaka mzima kabla ya mlipuko. Kusikiliza kulikuwapo. Kulisaidia baadaye kuwatia hatiani waliotenda, nami sidharau jambo hilo, lakini hakukuzuia bomu. Na makufuli dhaifu ya kuuzia wageni yalikuwa yangali katika sheria mwaka huo wa 1998. Wala aliyepanga uovu hakulazimika kuyatumia, kwa kuwa kanuni za kufuli imara zilikuwa zimo vitabuni, tena vya Kimarekani. Aliyelitumia kufuli dhaifu ni yule asiye na hila, mwenye duka, mwanafunzi, mgonjwa aliyemwandikia daktari wake.

Lakini tuseme kwamba kusikiliza kungalifaa. Bado lingebaki swali la mwamuzi. Sisi wa Machakos tuna kumbukumbu inayotufundisha kuuliza swali hilo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe kupita kiasi na kwamba ardhi inaharibika, kwa hiyo ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Kwamba udongo ulikuwa ukimomonyoka ni kweli, na yeyote aliyeviona vilima vya Machakos katika picha za zamani hawezi kulikana. Lakini mwaka huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Aliyesema, "Uzeni, ni kwa faida yenu," alikuwa na faida yake pembeni. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi wakakaa huko majuma kadhaa wakidai kusikilizwa. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini upunguzaji wa lazima uliachwa. Angalia kwamba Wakamba hawakuhitaji kuthibitisha kwamba udongo haumomonyoki. Ilitosha kuonyesha kwamba mwenye kuamua hakuwa huru katika uamuzi wake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa makufuli. NSA ilikuwa na hoja ya kweli juu ya usalama, na pia ilikuwa na kazi ya kusikiliza ambayo ingekuwa ngumu zaidi kama wageni wangepata makufuli imara. Hoja ile na kazi hii hazikuweza kutenganishwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Utafiti la huko huko Marekani walitoa ripoti mwaka 1996 wakishauri udhibiti ulegezwe. Mwezi wa Novemba mwaka huo Rais Clinton aliamuru usimbaji wa kawaida uondolewe katika orodha ya silaha na uhamishiwe Wizara ya Biashara, lakini pamoja na hilo Wizara ya Sheria ikapewa kiti katika kuzipima leseni. Mwaka 1999 mahakama ya rufani, katika kesi ya Daniel Bernstein, iliona kwamba kanuni za usimbaji zilizoandikwa ni maneno, na maneno yana uhuru wake. Januari 2000 sheria ikalegezwa kweli kweli, na programu za kawaida zikaruhusiwa kwenda nje zikiwa na kufuli zima.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini makufuli dhaifu yaliyokuwa yametengenezwa kwa ajili ya wageni yalibaki ndani ya programu, yamesahauliwa kama funguo za nyumba ya zamani zilizosalia kwenye kijaluba. Mwezi wa Machi 2015 watafiti waligundua kwamba adui mjanja aweza kuingia kati ya kompyuta mbili na kuzishawishi zitumie kufuli lile la zamani, kisha akalivunja kwa saa chache na kwa gharama ya dola zipatazo 100. Walipotafuta ni tovuti zipi zilizokuwa katika hatari hiyo, waliikuta ya NSA yenyewe. Ule ufa uliotengenezwa kwa ajili ya nyumba ya mgeni ulikuwa umekaa miaka 15 katika ukuta wa nyumba ya mwenyeji, kwa kuwa hesabu haimjui mwenyeji wala mgeni. Mwenye kulidhoofisha kufuli hawezi kuliambia limfungukie polisi na limkatalie mwizi.

Haifai tuwahukumu Wamarekani huku tumeyafumba macho kwa mambo ya kwetu. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliyataka makampuni ya simu yaunganishe mitambo yao na mtambo mpya, ili simu bandia zitambuliwe na kufungiwa. Mamlaka ilisema mtambo huo utasoma nambari za utambulisho wa simu tu. Wengine waliogopa kwamba, ukiisha kuunganishwa, utaweza kufikia mengine zaidi, na Katiba ya 2010 katika ibara ya 31 imeilinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Mwezi wa Aprili 2018 Mahakama Kuu iliuzuia. Aprili 2020 Mahakama ya Rufaa ikaona kwamba kesi ililetwa mapema, kabla mashauriano hayajakamilika, ikalitengua zuio. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo.

Kama hukumu hizo zilikuwa za haki au sivyo, hilo nakuachia wewe na darasa lako mlijadili, kwa kuwa hukumu zenyewe zimechapishwa na yeyote aweza kuzisoma. Balozi aliyenunuliwa mashine ya Uswisi hakuwa na hukumu ya kusoma. Mtakapozisoma, angalieni kwamba hakuna aliyesema hadharani kuwa simu bandia ni nzuri, wala kuwa faragha ni mbaya. Ubishi ulikuwa juu ya chombo kimoja kilichofungwa: chaweza kufanya nini, ni nani atakayekifungua akitazame ndani, na mwenye simu ataambiwa kabla ya kuunganishwa au baadaye.